Naomba ushauri: upanga wenye laana umevuruga mchezo wetu

Mwongozaji wa Rau
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninaongoza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, hapa Moshi, tukiwa watu watano tunaokutana kila Jumamosi sebuleni kwangu, na nimekuja kuomba ushauri kwa sababu kifaa nilichokibuni mwenyewe kimetuharibia safari ya miezi minane.

Niliuficha pangoni upanga unaomwongezea mwenye kuushika nguvu ya kupiga. Laana yake sikuitaja: kila anapojeruhiwa hurusha dadu ya pande 20, na asipofikisha 15 humshambulia aliye karibu naye, awe adui au mwenzake. Jumamosi iliyopita mwenye upanga alipata 7, na aliyekuwa karibu ni mganga wa kundi, mhusika wa mdogo wake wa damu. Nikamwambia arushe dadu ya madhara. Akairusha, akaitazama, kisha akaifunika kwa kiganja na kusema polepole, "Aliyefanya hivi si mhusika wangu." Mdogo wake aliikunja karatasi ya mhusika wake mara nne akaitia mfukoni, na hakuna aliyegusa chai tena.

Laana bila maumivu ni pambo tu, hilo nalishikilia. Je, nijenge vipi laana inayouma lakini inayomwachia mchezaji mhusika wake?

Kuhani Mstaafu
Pole sana, mkuu. Ukali wa laana yako haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba uliwapokonya uamuzi. Hata kanuni za toleo la tano la mchezo huu, lililotoka mwaka 2014, zina udhaifu huu: uchawi wa kutambua vifaa kwa kawaida haufichui laana, na mtu akishafungamana na kifaa cha namna hiyo mara nyingi hawezi kujitenga nacho kwa hiari yake. Kisha mhusika aliye kuhani akifika kiwango cha tano anapata uchawi wa ngazi ya tatu wa kuondoa laana, na kifungo chote kinakatika kwa tendo moja. Mchezaji anaingia bila kujua na kutoka bila kugharimika, kwa hiyo hapati nafasi ya kutamani wala ya kujuta. Mwambie bei mapema, halafu fanya kifaa kiwe kizuri kiasi kwamba atailipa.

Mama Dadu
Nakubaliana na Kuhani. Mimi niko Arusha, na mwaka jana niliwapa wachezaji wangu kata ya mbege, pombe ya ndizi, isiyokauka. Funda moja lilirudisha uhai wote, lakini lilifuta kichwani mwa mnywaji jina la mtu mmoja anayempenda. Nilimtaka kila mchezaji aandike majina kumi nyuma ya karatasi yake na kuyakata kwa kalamu yake mwenyewe. Mmoja alibakiwa na majina mawili, akakaa kalamu ikiwa juu ya jina la mama yake, sote kimya, kisha akalikata ili kumwokoa mwenzake. Hakuna aliyemlazimisha, na mpaka leo analizungumza.

Kwa upanga wako, kaka, ondoa dadu ya 20. Mwenye upanga akijeruhiwa, upanga umdai damu, naye achague: aitoe kwa aliye karibu, au aitoe mwilini mwake.

Mzee wa Kihamba
Vijana wangu, mimi sichezi, wajukuu zangu ndio huchezea hapa kwangu Marangu, lakini neno la laana nalifahamu. Kwetu Wachagga, sale ni mmea wa mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na pia ni mmea wa suluhu: aliyekosa akimpelekea jani lake aliyemkosea, si rahisi kwa huyo kukataa kusamehe. Laana ya upanga huo iondolewe hivyo, kwa msamaha wa aliyeumizwa, uchawi wa kuhani usifue dafu. Nakusihi tu usiingize mezani laana ya chungu, yaani kumlaani mtu kwa kutumia chungu, kama ilivyo katika mila, kwa kuwa ziko familia ambazo bado zinaiogopa kwa dhati, na huwezi kujua nani ameketi mbele yako.

Mwongozaji wa Rau
Shikamoo, mzee, na asanteni nyote. Chungu sitakigusa. Nimesoma majibu yenu mara mbili na nimeona kwamba aliyemkosea yule kijana si kaka yake, ni mimi niliyeificha kanuni. Kesho nitakata jani la sale kwenye uzio wangu, niende kwao kabla ya kufungua mchezo wowote, nimweleze kwamba mganga wake amelala amejeruhiwa na hajafa, kisha nimuulize kama angependa aendelee. Mama Dadu, dada yangu, huo upanga udai damu kiasi gani?

Mama Dadu
Anza na dadu moja ya pande sita, na kila siku ambayo upanga haukulipwa uongeze moja.