Wakuu naombeni ushauri: vizsla (mbwa wa kuwindia wa Hungaria) ghorofani Budapest, inawezekana?

Mwana Korogwe: Habari za humu wakuu. Naishi Budapest na mke wangu, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Mjomba wake ni mwindaji huko vijijini, jike lake la vizsla limezaa na anataka kutupatia dume moja. Mke ameshalipenda. Mimi nasita, maana sote tunashinda kazini. Mbwa wa kuwindia ataweza kweli maisha ya ghorofani?

Mama Zai: Kaka, ghorofa si tatizo. Tatizo ni hapo uliposema mnashinda kazini. Vizsla hawezi upweke. Jirani yangu hapa Vienna anaye, huwa namshikia akisafiri. Ukienda jikoni yupo, ukiingia chooni anakusubiri mlangoni, ukikaa anakuegemea. Ukimwacha kutwa atalia mpaka majirani waje kugonga, na viatu utavikuta vipande vipande.

Msasi: Mkuu, mwone porini ndipo utaelewa. Akinasa harufu ya kware anaganda ghafla: mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, hatikisiki mpaka mwindaji afike. Ndege akipigwa, anamfuata hata majini na kumleta mdomoni bila kumtafuna. Mwili wa namna hiyo unataka kukimbia, akishakomaa hata saa mbili kwa siku. Kuzungushwa mtaani kwa kamba hakumtoshi. Ila akiwa mdogo usimkimbize mbali, na hizo ngazi mbebe, mifupa bado laini. Halafu manyoya yake ni mafupi, hana ya ndani ya kuzuia baridi. Januari mvalishe koti.

Mwana Korogwe: Asanteni sana. Mke anaweza kufanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki.

Mama Zai: Basi hizo siku mbili zilizobaki tafuteni mtu wa kukaa naye kabla hamjamchukua. Na hata kama ni zawadi, muulize mjomba: wazazi wa mbwa huyo walipigwa eksirei za nyonga kuona kama zina kasoro? Kuna mwenye kifafa katika ukoo wao? Usione haya. Mbegu hii ilikaribia kupotea baada ya Vita Kuu ya Pili, wengine wakaokolewa kwa kutoroshwa nje ya Hungaria. Mwindaji anayeijali atafurahi kuulizwa. Na asiachishwe mama kabla ya wiki nane.

Mwana Korogwe: Nimekuelewa dada. Kuna mwanafunzi Mkenya jengo la pili anapenda sana mbwa, namuulizia leo. Mjomba nampigia Jumapili, majibu ya nyonga nitayaleta hapa.