Mama ni Mwogiek, kwa baba tuna hati ya shamba. Mjomba anataka nijiandikishe. Nifanyeje?

Wadau, naombeni ushauri, matusi wekeni kando. Mama yangu ni Mwogiek, jamii ya jadi ya wawindaji na warina asali, wa msitu wa Mau Mashariki, Kenya. Baba na ndugu zake walikuja huko miaka ya 90, wakanunua shamba, na hati wanayo. Nililelewa kwa baba, ila likizo zote nilikuwa kwa babu mzaa mama. Ndiye aliyenionyesha namna gogo la mtarakwa linavyochongwa mzinga. Sasa mjomba anakusanya majina ya ukoo kwa orodha ya Waogiek wanaodai ardhi yao ya jadi, anataka langu na ya wanangu. Baba mdogo kasikia, kanipigia: "Ukiandika jina huko, umeishtaki nyumba yenu." Mama kanyamaza, na mama akinyamaza ujue pana neno.

Mchonga Mizinga: Andika, dada. Tume ya ardhi ya wakoloni (1932–34) ilitaka watu wetu wahamishiwe kwa makabila makubwa, wamezwe humo. Ukijificha nyuma ya jina la baba unawamalizia kazi.

Hati Mkononi: Rahisi kusema. Sisi tulionunua kwa jasho twende wapi?

Wakili Kijijini: Tulieni. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali ilivunja haki za Waogiek. Hukumu ya fidia ya 2022 ikaagiza ardhi yao ya jadi ipimwe, wapewe hati ya pamoja. Palipokodishwa kwa wengine, pande zote zizungumze kwanza. Zikishindwa kuelewana, serikali iwafidie hao wengine na ardhi irudi. Mshtakiwa ni serikali, si baba mdogo. Na fidia yenyewe, shilingi milioni 157.85, ni ya mfuko wa maendeleo wa jamii, kwa hiyo asikwambie mtu eti unafuata pesa. Hati yenu ni suala jingine: je, kipande kile kilitolewa msituni kihalali?

Shangazi Mkali: Mumeo anasemaje? Majina ya watoto usiyapeleke kabla hamjakaa mkaongea. Na baba mdogo usimjibu kwa simu, mfuate kwake.

Mwenye uzi: Asanteni. Mume hana neno. Langu naandika, ya watoto yasubiri kwanza mama afungue kinywa. Wakili, hati nianze kuikagua wapi?

Wakili Kijijini: Masjala ya ardhi. Beba nakala ya hati na kitambulisho. Mwambie baba mdogo mwende pamoja.