Tupeane uzoefu: neno gani la mtaani unalipenda hata kama lilishakuponza?

Kifaurongo
Wakuu kwema? Leo nipo kwenye mwendokasi natoka Kimara, nyomi la kufa mtu, dada mmoja anaongea na simu "shoga mi nimefulia", katoto kake pembeni kakauliza "nguo za nani mama?" Gari zima tukacheka. Ikanikumbusha mwaka wa kwanza chuo, nimempigia bibi yangu kule Same nimwombe hela ya kula, nikaanza kwa adabu zote, shikamoo bibi, huku mjukuu wako nimefulia vibaya sana. Akasema vizuri mjukuu wangu, usafi ndio utu, na mashuka usiyasahau. Nikakosa pa kuendelea, nikaaga, nikalala na maji. Ila kufulia ndio neno langu mpaka kesho, "sina hela" halina ladha kabisa. Lako lipi na lilikufanyia nini?

Mama Wawili
Na mashuka usiyasahau 😂😂

DeiwakaMstaafu
Jina langu linajieleza. Nimepiga deiwaka miaka mitatu Mbagala–Kariakoo kabla sijakabidhiwa gari yangu. Kwa wa mikoani, suka akichoka anakuachia usukani tripu mbili tatu anakutoa chochote, siku imeisha. Sasa siku ya posa wakauliza kijana anafanya kazi gani, mshenga wangu na yeye mtu wa stendi, akajibu kwa kujiamini "huyu ni deiwaka". Baba mkwe mwalimu mstaafu akaandika kabisa kwenye kidaftari, akauliza hawa Dei Waka wana ofisi na hapa Morogoro? Hakuna aliyemsahihisha. Hadi leo ananiuliza kampuni imepandisha mishahara au bado.

Kaka Sarufi
Mnaharibu lugha. BAKITA ipo tangu 1967, kamusi zipo, halafu mtu mzima na ndevu zake anajisifia "deiwaka".

Mtoto wa Magomeni
Sarufi shuka kituo kinachofuata. Hata daladala ilianzia huko huko mtaani, nauli shilingi tano, sarafu ya tano watu wanaiita dala, konda anaita dala dala dala jina likaganda. Leo ipo kwenye hizo kamusi zako.

Kaka Sarufi
Sijagusa daladala mimi.

Msee wa Umo
Hata huku Nairobi matatu ilitoka hivyo tu, nauli ilikuwa senti kumi kumi tatu. Lakini mimi yangu ni soo. Nimekuja Dar mara ya kwanza nikaambia mtu wa boda nitakupea soo, akazima pikipiki, akavua helmeti pole pole, akaniuliza "soo la nini braza, nimekukosea nini?" Kumbe kwenu soo ni balaa. Kwetu ni mia!

Jangwani Damu
Mimi ni lile nisilolitumia. Noti ya elfu kumi eti msimbazi, mtaa wa Simba, kisa nyekundu. Mimi Mwananchi, mtu wa Yanga, siwezi kutamka huo uchafu nikiwa nalipa kwa hela yangu.

Mnyama Halisi
Utopolo wewe ukipewa misimbazi kumi utaikataa?

Jangwani Damu
Naipokea, ila naiita nyekundu.

Mnyama Halisi
Na nyekundu ni rangi ya nani? 😂 Jero na buku umeachiwa, kaa nazo.

Fundi Tabata
Kuchakachua. Ile 2010 gereji tulikuwa tunapokea gari tatu nne kwa siku, unachovya kidole kwenye tangi, unanusa, mafuta ya taa matupu. Neno likatoka kwenye mafuta likaingia kwenye kura likaingia mpaka kwenye maziwa ya mama ntilie. 2011 wakapandisha ushuru wa mafuta ya taa, mchezo ukapungua ila neno limebaki.

Mpwa wa Muheza
Ngojeni niwape ya kwetu. Neno ni kuzima. Babu alikuja Dar kutibiwa macho, tukamnunulia kitochi used, chaji haikai hata nusu siku. Shangazi akanipigia toka Muheza, mimi nipo Kariakoo nashusha mzigo, makelele, namsikia nusu nusu, anasema babu simpati. Nikamwambia babu kazima shangazi. Kimya. Akauliza kazima saa ngapi? Nikasema tangu asubuhi, tumehangaika naye wee lakini wapi, uzee tu huo shangazi. Namaanisha kitochi jamani, kilikuwa kizee kweli! Simu ikakatika, nikaendelea na mabelo yangu. Kufika jioni nakuta meseji kumi na nne, zote Inna lillahi. Muheza turubai limeshafungwa, majamvi chini, sufuria za kuazima zipo jikoni, mjomba kapanda basi toka Arusha, daftari la rambirambi limefika laki mbili na themanini. Saa moja usiku babu kachaji simu, kapiga mwenyewe nyumbani kuuliza kama mbuzi wamerudi. Shangazi ndiye aliyepokea. Alivyosikia ile sauti simu akaitupa kwenye sufuria la maharage, na yeye akazima, safari hii kweli.

Mama Wawili
Kuuliza mbuzi 😭😭

Yakhe77
Yakhe hii chai.

Mpwa wa Muheza
Chai yako wewe, njoo Muheza uulize nyumba ya turubai.

Kifaurongo
Uzi wangu umeshatekwa, haya. Zile laki mbili na themanini?

Mtoto wa Magomeni
Zirudishwe, si daftari lipo.

Mnyama Halisi
Msithubutu, hela ya msiba hairudi nyuma, ni mkosi. Wekeni, babu ataihitaji.

Fundi Tabata
Mngepika tu watu wale waondoke, wameshakaa.

Kaka Sarufi
Mtu huzimia, simu huzima. Ungesema "simu yake imezima" turubai lisingefungwa.

DeiwakaMstaafu
Sarufi leo umetoboa, nakupa na siti ya mbele.

Mpwa wa Muheza
Nusu zilirudi. Nyingine shangazi anasema ziliingia kwenye maharage. Mjomba wa Arusha ndio bado analalamika.

Mla Mbege
Mjomba nipo humu nasoma. Ninachodai ni nauli ya kwenda tu. Ya kurudi sijaitaja.