Mjadala: Je, Michael Basman Alikipoteza Kipaji Chake kwa Hatua ya g4?

Mleta mada:

Ndugu wapenzi wa sataranji, inasemwa mara kwa mara kwamba Mwingereza Michael Basman (1946–2022) alikuwa na kipaji cha kufikia ugrandimasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, ila alikipoteza kwa ukaidi wa kufungua mchezo kwa hatua ambazo wachezaji makini huzikwepa, kama g4, yaani kumsogeza askari hadi mraba wa safu g, mstari wa nne. Sikubaliani na hukumu hiyo, ingawa sikusudii kutetea kila alichokicheza.

Tuitazame rekodi. Katika mashindano ya Hastings ya 1966/67 alitoka sare na Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani. Mwaka 1973 alilingana pointi na William Hartston kileleni mwa ubingwa wa Uingereza, kisha akashindwa katika mchuano wa kuamua mshindi. Cheo cha umahiri wa kimataifa, kilicho ngazi moja chini ya ugrandimasta, alikipata mwaka 1980, wakati ambapo tayari alikuwa ameanza kuziacha njia za vitabuni. Anayedai kwamba funguzi zake zilimshusha anapaswa kueleza ilikuwaje cheo chake cha juu kabisa kikaja wakati huo.

Tatizo la pili ni kutia hatua zake zote kapu moja. Mweupe anapoanza kwa g4, anaudhoofisha upande ambao mfalme wake angejihifadhi, na Mweusi akijibu d5, askari huyo anakuwa ameshashambuliwa. Basman, kama Mswisi Henri Grob ambaye ufunguzi huo unabeba jina lake, alikuwa tayari kumwacha aliwe: askofu anakwenda g2, Mweusi anakula, ndipo inakuja c4, na ghafla askari wa b7 hana mlinzi kwa kuwa askofu aliyekuwa akimlinda amekwenda kula. Ni mtego wa kupendeza, lakini mpinzani asiye na tamaa, akimpuuza askari yule na kuimarisha katikati ya ubao, anapata mchezo bora bila jasho. Programu za leo huihesabu g4 miongoni mwa hatua mbovu kabisa kati ya 20 ambazo Mweupe anaweza kuanza nazo, na kwa hilo sina ubishi.

Mweusi kumjibu Mweupe aliyeanza kwa e4 (askari wa katikati) kwa a6 na kisha b5 ni habari nyingine. Basman alikuwa miongoni mwa waliouchunguza ufunguzi huo mapema, na mwaka 1980 mjini Skara, Sweden, Tony Miles aliutumia dhidi ya Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati ule, akamshinda.

Mchangiaji:

Kwa heshima zote, mleta mada, mchezo mmoja si ushahidi. Miles alikuwa grandimasta tangu 1976, na mtu wa kiwango hicho angeweza kumshinda Karpov kwa ufunguzi wowote siku ambayo bingwa ameduwaa. Leo mpinzani anaipitia michezo yako yote usiku wa kuamkia pambano, na mshangao unakwisha kabla hamjakaa mezani. Zaidi ya hayo, Basman alikuwa mwalimu. Mtoto anayefundishwa g4 kabla hajaelewa kwa nini katikati ya ubao panapiganiwa anaharibiwa msingi.

Mleta mada:

Kuhusu watoto nakuunga mkono, lakini ukumbuke pia kwamba mwaka 1996 mtu huyohuyo alianzisha mashindano ya shule yaliyovuta makumi ya maelfu ya watoto wa Uingereza. Kilichomfilisi baadaye ni deni la kodi ya ongezeko la thamani katika ada za ushiriki, jambo ambalo, kwa maoni yangu, liliiathiri kazi yake kuliko ufunguzi wowote.

Kuhusu Karpov, mshangao unaweza kueleza hatua kumi za mwanzo, lakini hauelezi mchezo mzima. Baada ya a6 na b5, Mweupe ana nafasi kubwa zaidi, lakini Mweusi hana udhaifu wa kudumu: askofu wake anatoka b7 kuibana e4, na c5 inabaki mkononi kwa wakati wake. Ukiniambia kwamba g4 ilimpotezea Basman pointi kadhaa, nitakubali. Ukiniambia kwamba ilimnyima ugrandimasta, nionyeshe mashindano ambayo angeyashinda kwa e4 akayapoteza kwa g4, nasi tuipitie michezo hiyo hapa, hatua kwa hatua.