Kundi la Ukoo: Muziki wa Kufanyia Kazi

Zuhura (Dar): Shikamooni wakubwa. Wadogo, mambo? Naomba ushauri. Nina mkataba mrefu wa kutafsiri, unatakiwa Jumatatu, na jirani kafungulia spika tangu asubuhi. Nimevaa hedifoni, nikaweka Bongo Fleva, sasa maneno ya wimbo yanaingia kwenye mkataba. Nyie mkifanya kazi mnasikiliza nini?

Bakari (Dodoma): 😂😂 "Upande wa Kwanza, mpenzi wangu, atalipa ndani ya siku 30"

Mjomba Hamisi (Tanga): Marahaba. Hilo halina mjadala. Sikinde.

Ba Mdogo Rashidi (Uingereza): Mjomba naye, kila kitu Sikinde. Msondo je? Bendi ya Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Hiyo Sikinde yako, Mlimani Park, ni ya 1978. Mtoto mdogo kabisa.

Mjomba Hamisi (Tanga): Mtoto aliyemshinda kaka yake. Tusianze.

Zuhura (Dar): Mjomba, Sikinde naipenda lakini zile nyimbo ni hadithi. Mume kafanya nini, mke kajibu nini, wakwe wamesemaje. Naacha kuandika nataka kujua ndoa imeishia wapi.

Mjomba Hamisi (Tanga): Basi ruka maneno, anzia kwenye chemko. Magitaa yakianza kujibizana na tarumbeta zikaingia, hapo hata ukipewa shamba la ekari kumi unalima lote.

Zuhura (Dar): Chemko likiisha unakuja wimbo mwingine na maneno yake 😩

Bakari (Dodoma): Dada Zuhura, hili tumelisoma chuoni. Watafiti Pierre Salamé na Alan Baddeley, 1989. Watu walionyeshwa namba, wakatakiwa wazikumbuke kwa mpangilio wake huku muziki unapigwa. Nyimbo za kuimbwa ziliwavuruga kuliko ala tupu. Kichwani kuna sehemu inayorudiarudia maneno kimyakimya ili yasipotee, na sauti ya mtu anayeimba inaingia humohumo bila hodi. Wewe kazi yako ni maneno matupu, kwa hiyo mnagombania mlango mmoja na huyo mwimbaji.

Zuhura (Dar): Na Kilingala? Sielewi hata neno. Franco wa Kongo nikimweka naona naenda vizuri.

Bakari (Dodoma): Kwenye majaribio ya kukumbuka namba, hata lugha usiyoijua inavuruga. Lakini kukumbuka namba na kutafsiri ni vitu viwili. Kama kazi inatoka, endelea na Franco wako. Ila wimbo ukifika kwenye sebene, pale magitaa yanapochangamka, utakuwa umesimama unacheza.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Nyie watoto mnanichekesha. Mimi bila maneno sishoni. Sasa hivi nina sare za shule, kola na mifuko mpaka nimezichoka. Mguu uko kwenye pedali, mkono unasukuma kitambaa, kichwa hakina kazi. Hapo nataka taarabu yenye mipasho, nimjibu mwimbaji, yeye akisema moja mimi nasema mbili. Siku inaisha sijui imeishaje. Ukiniwekea ala tupu nasinzia, sindano inanila kidole.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Ila nikipima na kukata nazima redio. Futi ikiwa shingoni na chaki mkononi sitaki hata mtu anisalimie. Ukishapitisha mkasi hakuna kurudi nyuma.

Bakari (Dodoma): Shangazi hapo umemaliza lekcha nzima ya profesa wangu.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Mwambie alete na suruali, nimkatie.

Ba Mdogo Rashidi (Uingereza): Shangazi, mambo yako ndiyo waliyoyafanya huku wakati wa vita. Mwaka 1940 BBC walianzisha kipindi cha muziki cha wafanyakazi wa viwandani, Music While You Work, asubuhi mara moja na mchana mara moja. Wanawake wako kwenye mashine wanatengeneza vifaa vya vita, muziki unapigwa kwenye vipaza sauti kiwanda kizima. Kiliendelea mpaka 1967.

Ba Mdogo Rashidi (Uingereza): Na walikuwa wakali. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Kimarekani una mahali pa kupiga makofi. Wakaupiga marufuku saa za kazi, wakihofia watu wataacha vifaa wapige makofi 😂 Hapa ghalani kwetu redio inaimba kutwa, hakuna anayechagua. Ikija ile ya makofi mimi napiga na boksi.

Mjomba Hamisi (Tanga): Ukivunja vyombo vya watu usije ukasema umefundishwa na ukoo wetu.

Mama Aisha (Arusha): Samahani nachelewa, nilikuwa nambembeleza huyu. Na mtoto mchanga je? Shoga yangu kaniambia nimwekee Mozart ubongo ukue.

Bakari (Dodoma): Mama Aisha, hiyo ilianza California 1993. Waliopimwa ni wanafunzi wa chuo, watoto wachanga hawakuwemo kabisa. Walisikiliza Mozart dakika 10, wakapewa maswali ya maumbo, ya kufikiria karatasi ikikunjwa na kukatwa itakuwaje. Wakafanya vizuri kidogo, na baada ya kama robo saa hali ikarudi palepale. Habari ikatembea mpaka mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani akaomba bajeti kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo aende nao nyumbani.

Mama Aisha (Arusha): Kumbe! Basi namwimbia mwenyewe. Analala haraka kwa sababu sauti yangu mbaya, anataka ninyamaze.

Salma (Muscat): Assalaam alaykum. Nimeona ujumbe 40 nikadhani kuna msiba! Mimi ofisini naweka Kur'ani kwa sauti ya chini, nafunga hesabu za mwezi. Moyo unatulia.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Waalaykum salaam mwanangu. Hapo nitakukatalia. Suratul Aaraf aya ya 204, inaposomwa Kur'ani isikilizeni na mnyamaze. Utaisikilizaje na huku unajumlisha riali? Ukiweka, kaa uisikilize.

Salma (Muscat): Wengine hapa wote wanaweka shangazi.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Wengine si watoto wa kaka yangu.

Salma (Muscat): 😅 Sawa. Njiani basi, ndani ya gari. Ofisini nitabaki na udi mtupu, huku uko wa kumwaga.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Hapo sawa. Na wewe Zuhura, unahangaika na Wakongo na Wazungu, bashraf umeisahau? Marehemu bibi yenu alikuwa hasemi na mtu bashraf ikipigwa.

Zuhura (Dar): Bashraf ni ile ya kufungulia taarabu?

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Ndiyo hiyo. Kabla mwimbaji hajasimama, ala zinatangulia peke yake. Fidla, udi, kanuni, nai, akodiani, na dumbaki chini inashika mwendo. Hakuna anayeimba. Tafuta Ikhwani Safaa ya Unguja, hao wapo tangu 1905. Tafuta na Culture Musical Club, nao wa Unguja.

Ba Mdogo Rashidi (Uingereza): Asili yake ni Uturuki, ikapita Misri ikafika Unguja. Ndiyo maana Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, anasimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, aje ampigie kasrini.

Salma (Muscat): Kanuni ndiyo ile wanailaza mapajani? Ina nyuzi zaidi ya 70, mpigaji kavaa vidude kwenye vidole vya shahada. Nimeiona hapa kwenye tamasha, mikono inakwenda kama inaokota mchele.

Zuhura (Dar): Nimeipata. Ngoja nijaribu.

Mjomba Hamisi (Tanga): [ujumbe wa sauti, 3:12]

Bakari (Dodoma): Mjomba hii ni wewe unaimba tarumbeta kwa mdomo dakika tatu??

Mjomba Hamisi (Tanga): Ili ajue chemko ni nini. Kizazi chenu mnasikiliza huo muziki wa lofai, ngoma ileile saa nzima kama pampu ya maji.

Bakari (Dodoma): Ndiyo uzuri wake mjomba. Haina jambo jipya la kukushtua. Ukishaizoea huisikii tena, unasikia kazi. Muziki mzuri sana ndio mbaya kwa kusoma, unakuita.

Mama Aisha (Arusha): Na sauti ya mvua? Kuna watu wanasikiliza mvua kwa muda wa saa nane YouTube.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Waje Tanga mwezi wa nne wasikilize bure, juu ya bati. Na ndoo tutawapa wakinge panapovuja.

Zuhura (Dar): Jamani. Nimemaliza vifungu vinne tangu niweke bashraf. Jirani simsikii. Tatizo moja tu, bashraf ikiisha mwimbaji anaingia, na Kiswahili chenyewe kitamu, nikajikuta nimesimamisha kazi nasikiliza mashairi. Nimeirudisha mwanzo, nimeiwekea ijirudie yenyewe.

Bakari (Dodoma): Mimi nakukatia. Nitumie nyimbo, naondoa sehemu za kuimba, nakuunganishia bashraf tupu saa mbili.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Na mimi nitumie, ya kukatia vitambaa. Sauti peke yake, usitume video, bando langu linaisha leo.

Mjomba Hamisi (Tanga): Bakari, unaweza kukata machemko ya Sikinde hivyohivyo?

Bakari (Dodoma): Naweza mjomba. Nitumie orodha ya nyimbo.

Mjomba Hamisi (Tanga): Zote.