Nadharia ya nyuzi istahiki fungu lake la pesa za utafiti?

Mwalimu wa fizikia, Kizingo: Sheria yetu ya sayansi hapa Kenya, ya 2013, inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Pesa hizo zikija, kila fani itanyoosha mkono. Mimi nasema nyuzi zingoje, yaani ile nadharia kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Tangu 1984, wanafizikia Green na Schwarz walipoonyesha kwamba hisabati yake haijipingi, nadharia hii imechukua vijana wenye akili kali, na mpaka leo hakuna jaribio lililoithibitisha. Mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, maabara ya Ulaya, mzingo wa kilomita 27, inachungulia hadi kama mita 10⁻¹⁹. Uzi wenyewe unakisiwa kukaribia mita 10⁻³⁵. Bajeti gani itaziba pengo hilo?

Mwanahisabati, Tudor: Pengo nalikubali, Mwalimu, ila bei umeikosea. Nyuzi hazinunui mashine. Zinakula mishahara na nauli za mikutano, basi. Ukizifuta kesho, CERN haishuki gharama hata senti. Kinachogombewa ni nafasi za kazi: kijana aliyemaliza uzamivu hupewa mkataba wa miaka miwili mitatu, na kwenye kamati ya kumteua wakijaa watu wa nyuzi, atateuliwa wa nyuzi. Hapo ndipo mizani inapolalia upande mmoja, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Tena matunda yapo. Mwaka 1996 Strominger na Vafa walihesabu entropia ya shimo jeusi, yaani kipimo cha wingi wa hali zake za ndani, kwa kuhesabu hali hizo moja moja, wakapata robo ya eneo la uso wake, sawasawa na fomula ya Bekenstein na Hawking. Na sisi wa Pwani mashimo meusi si mageni kwetu: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ndiyo iliyonasa eksirei za shimo jeusi la Cygnus X-1 zikibadilika kwa kasi mno.

Mwalimu: Shimo la 1996 lina dimensheni tano (zetu ni nne, pamoja na wakati) na supasimetria, dhana kwamba kila chembe ina pacha wake, dada yangu. La Cygnus halina sifa hizo.

Mwanahisabati: Kweli, halina.

Fundi wa vipimo, Changamwe: Mnazungumza kana kwamba hakuna cha kupima. Mwaka 1998 Arkani-Hamed, Dimopoulos na Dvali walisema dimensheni zilizofichika, zile ambazo nadharia ya nyuzi inazihitaji, huenda zikafika milimita. Zikiwa mbili za ukubwa huo, ndani ya umbali huo ukipunguza nafasi kwa nusu, uvutano hupanda mara 16 badala ya mara 4. Hilo linapimika mezani.

Kikundi cha Chuo Kikuu cha Washington kilitengeneza mizani ya msokoto: kilining'iniza kwa waya pete ya molibdeni, aina ya metali, unene kama milimita 1, yenye matundu 42 katika safu mbili za 21. Chini yake sahani nyingine yenye matundu inazunguka polepole. Mzunguko mmoja, msokoto mara 21. Mtikisiko wa jengo hauji kwa mpigo huo, kwa hiyo unachujwa. Sahani ya chini ina tabaka mbili, na matundu yamepishana ili uvutano wa kawaida ujifute wenyewe kwa sehemu kubwa, ubaki ule mgeni tu, kama upo. Katikati hutandazwa utando wa shaba na berili wa mikromita 10 kuzuia umeme. Adui ni vumbi: punje moja ikikaa kati ya pete na utando, huwezi kusogeza karibu zaidi. Matokeo ya 2007: sheria ya Newton ya uvutano inasimama hadi kama milimita 0.056.

Mwalimu: Basi pesa apewe mwenye mizani hiyo.

Mwanahisabati: Na swali la kupimwa litoke kwa nani? Hao watatu wa 1998 hawakushika waya, walishika kalamu. Nafasi mbili kwa mizani, moja kwa kalamu. Hapo natia sahihi.

Mwalimu: Moja, na kwa kuomba upya kila miaka mitatu. Fundi, waya huo ni wa nini?

Fundi: Tungsteni, mikromita 20 hivi, mwembamba kuliko unywele. Na chumba kiwe mbali na malori ya bandari ya Kilindini.