Naomba ushauri: presha ya mrija wa kurudisha damu inazidi kupanda

Habari zenu wakuu, hasa mnaofanya kazi kwenye vitengo vya kusafisha damu. Nina mgonjwa mwenye fistula ya mkono wa kushoto (mshipa wa ateri uliounganishwa na wa vena kwa upasuaji, ndipo tunapochoma sindano), anakuja mara 3 kwa wiki. Mwezi uliopita, pampu ikiwa 300 ml kwa dakika na sindano namba 16, presha ya mrija wa kurudisha damu ilikuwa kama 140 mmHg. Sasa inafika 210 hadi 220, king'ora kinalia mpaka mgonjwa mwenyewe anakiogopa. Upande wa kuvuta damu haujabadilika, uko -150.

Mirija haijajikunja, chemba haina donge la damu, sindano nimeihamisha, heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) anapata ileile. Ila tukichomoa sindano damu inachelewa kukata, na hilo linanitia wasiwasi kuliko king'ora. Mwenzangu anasema nipanue tu mipaka ya king'ora. Mimi naona huko ni kuziba masikio.

Je, dalili hizi zinatosha kuomba apigwe Dopla ya fistula (ultrasound ya kuangalia damu inavyopita) sasa, au nijaribu kwanza sindano namba 15, ambayo ni nene zaidi? Na nyie mnasoma presha pampu ikiwa kwenye kasi gani, ili namba za wiki hii zilinganishwe na za wiki iliyopita?